Kuhifadhi hei na mabua pasipo ghala

Kwa mfugaji wa ng'ombe wawili wa maziwa kwenye vihamba (mashamba ya nyumbani) vya Kilimanjaro, kama nilivyo mimi, nafasi inayobaki baada ya migomba, kahawa, nyumba na banda ni finyu, wala fedha za kujenga ghala la malisho hazipatikani kwa urahisi. Hata hivyo, mabua tunayoyapandisha kutoka mashamba ya tambarare baada ya mavuno ya Agosti ni lazima yavuke mvua za vuli yakiwa mazima, kwa kuwa Januari na Februari ndipo majani mabichi yanapoadimika.

Kwa uzoefu wangu, malisho mengi yanayorundikwa nje huharibiwa na unyevu unaopanda kutoka ardhini, pamoja na mvuke unaonaswa chini ya turubai, kuliko mvua yenyewe. Ndiyo maana nashauri fedha ya kwanza itumike kwenye kichanja. Chagua mahali palipoinuka, chimba mtaro upande wa juu wa mteremko ili maji yapite pembeni, kisha simamisha mirunda na kuzipanga fito juu yake, angalau usawa wa goti, ili hewa ipite na uweze kuchungulia mvunguni. Mchwa hupanda kwenye nguzo kwa kujenga vijia vya udongo. Vikwangue kila unapoviona, maana wakishaingia ndani ya lundo hutawaona tena.

Turubai lisiviringishwe kwenye lundo. Laza mti mrefu juu, kwenye panda za nguzo mbili, lining'inize turubai hapo kama paa la mgongo, lipite kingo za lundo kwa kiasi cha mkono mmoja, na uache ncha mbili wazi. Turubai likigusa malisho, matone hujikusanya upande wa ndani na tabaka la juu huota ukungu hata kama mvua haijanyesha.

Mpangilio wa ndani nao una maana. Mabua magumu ya mahindi yakae chini, ya maharage katikati, na hei (nyasi zilizokaushwa) au mabua ya mpunga yafunike juu, kwa sababu mabua ya maharage hunyonya maji upesi, ilhali nyasi ndefu zilizolazwa vizuri huyatiririsha. Ukiwa na kasha la mbao la kufungia marobota (mafungu yaliyobanwa na kufungwa kamba), yafunge. Robota la kilo 20 hivi hubebeka, na hesabu huwa rahisi. Ng'ombe wa kilo 400 huhitaji takriban kilo 10 hadi 12 za chakula kikavu kwa siku, hivyo miezi mitatu ya kiangazi hudai karibu tani moja kwa kila ng'ombe asiyepewa kitu kingine.

Hei isiyokauka vizuri haiokolewi na kichanja chochote. Juni na Julai huku kwetu ni baridi na mawingu, kwa hiyo nyasi zilizokatwa baada ya masika zigeuzwe mara kwa mara, na usiku au mvua ikitishia zikusanywe. Sokota konzi ya nyasi: ikijipinda bila kukatika, au ukihisi unyevu kiganjani, bado. Wiki za kwanza baada ya kurundika, chomeka nondo hadi katikati, iache kwa muda, kisha ichomoe. Ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika, fumua lundo mara moja, kwani joto hilo huozesha malisho na laweza hata kuwasha moto. Kwa sababu hiyohiyo lundo likae mbali na jiko la kuni.

Wakati wa kulisha, anza upande mmoja na kata kuanzia juu hadi chini, ukiacha sehemu nyingine imefunikwa. Kilichoota ukungu kipeleke kwenye shimo la mboji, hata kama ni kingi na kinauma kukitupa, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, inayoweza kuwemo hupita kwa ng'ombe na kuingia kwenye maziwa ambayo watoto wetu wanayanywa.