Jibu: Mkono uliovunjika kwenye teksi ya programu

Pole sana, dada. Umeuliza abiria wa teksi ya programu (ile inayoitwa kwa simu) hapa Nairobi akivunjika mkono kwenye ajali hulipwa shilingi ngapi. Bei maalumu haipo. Hakimu hulinganisha na kesi za awali zenye jeraha kama lako, na ulemavu uliobaki. Gharama za matibabu ni hesabu nyingine, na bila risiti hupati hata senti. Risiti yangu ya eksirei ilififia mfukoni ikawa nyeupe kabisa, na pesa hiyo sikuiona. Zipige picha risiti zako siku hiyohiyo, pamoja na rekodi ya safari kwenye simu. Chukua abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wa ripoti ya ajali. Bima ya gari hulipa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, na kesi hufunguliwa ndani ya miaka 3. Tafadhali usitie sahihi karatasi yoyote ya bima kabla daktari hajathibitisha mfupa umeshikana.