Mama Anapojiona Mzima: Kwa Muuguzi Mgeni wa Kliniki ya Wajawazito

Ndugu yangu uliyepangiwa kliniki ya wajawazito huku Kusini, iwe Tandahimba, Nachingwea au zahanati iliyo karibu na Mto Ruvuma, nakuandikia jambo ambalo mimi nililielewa kwa kuchelewa. Ukimwuliza mama mjamzito kama anayafahamu maambukizi yanayoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, atakujibu kwamba anayafahamu, na hatakuwa amekudanganya, kwa kuwa habari za VVU na malaria amezisikia redioni na kliniki tangu alipokuwa msichana. Asichokijua ni kwamba maradhi hayo, pamoja na mengine asiyoyataja, yanaweza kumfikia mtoto ilhali yeye mwenyewe hana homa, kidonda wala maumivu. Kwake yeye, ugonjwa ni ule anaouhisi mwilini.

Kaswende ndiyo inayonisumbua zaidi. Mama mwenye kaswende anaweza kulima na kubangua korosho kama wenzake huku vimelea vikipita kwenye kondo la nyuma, na mimba ikiharibika au mtoto akizaliwa mfu, nyumbani watasema ni mchango, yaani ule ugonjwa wa tumbo la uzazi unaoaminiwa kienyeji. Usiwabeze wanaosema hivyo. Mweleze mama kwamba kipimo ni tone la damu ya kidole, kwamba majibu hutoka akiwa bado kwenye benchi, na kwamba sindano ya penisilini humtibu yeye na mtoto, hasa akiipata mapema, angalau mwezi mmoja kabla ya kujifungua. Nilipokuwa mgeni kazini nilimchoma mama mmoja sindano hiyo, nikaijaza kadi yake vizuri, nisimwulize lolote kuhusu mumewe. Alirudi na kidonda kipya, kwa kuwa mume hakutibiwa. Tangu siku hiyo, sindano ya mama na mazungumzo ya namna ya kumleta mwenzake nayahesabu kuwa tiba moja, na simwachi mama aende nyumbani na jina la ugonjwa peke yake, maana jina hilo likifikishwa vibaya linaweza kuvunja nyumba.

Malaria nayo hujificha. Vimelea hujikusanya kwenye kondo, mtoto akazaliwa na uzito mdogo, hata kama mama hakupata homa. Ndiyo sababu tunatoa SP, dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito, baada ya miezi mitatu ya kwanza, vidonge 3 kwa mara moja, na kurudia kila baada ya mwezi mmoja au zaidi, isipokuwa kwa mama anayetumia septrini, dawa wanayopewa wenye VVU kuwakinga na maambukizi mengine. Asubuhi moja nilimwona mama akitoka na vidonge vyake amevifunga kwenye pindo la kanga. Alikuwa ametembea tangu alfajiri bila kula, akaogopa kutapika njiani. Sikumkaripia, nilimpa maji, akakaa kivulini, akavimeza mbele yangu. Weka ndoo ya maji safi na vikombe karibu na meza yako, na waambie waje na kipande cha muhogo.

Rubela, ugonjwa wa virusi unaoleta vipele, nitaigusa tu: katika miezi ya mwanzo ya mimba inaweza kumwachia mtoto uziwi, mtoto wa jicho au kasoro ya moyo, na chanjo yake haitolewi kwa mjamzito, hivyo kinga inapaswa kupatikana utotoni.

Kuna kirusi kingine, sitomegalovirasi, ambacho hata sisi wauguzi hukisahau. Hukaa kwenye mate na mkojo wa watoto wadogo, na kinaweza kumfanya mtoto aliye tumboni azaliwe kiziwi au awe kiziwi baadaye. Tazama benchi lako: mama anamlisha mwanawe wa miaka miwili uji, kisha analamba kijiko kilekile. Usimkataze kumlisha, mshauri kila mmoja awe na kijiko chake, na anawe mikono kwa sabuni baada ya kubadilisha nepi au kumfuta mtoto mate.

Unapomaliza kufundisha, usiulize, «Umeelewa, mama?», kwani ataitikia kwa heshima tu. Muulize, «Ukifika nyumbani, bibi utamwelezaje?» Kisha nyamaza umsikilize hadi mwisho, na pale anapokwama ndipo pa kuanzia upya. Fanya hivyo mapema kabla ya msimu wa korosho, kwa maana wengi watahamia mashambani, na kadi zao utaziona tena baada ya wiki nyingi.