Programu ya kupangia safari za droni: ushauri kwa anayeanza kazi huku mlimani

Vijana wengi wanaoingia kwenye kazi ya ramani za droni hapa Moshi huniuliza, "Kaka, nitumie programu gani?" Wanataka jina moja waende kulipakua. Mimi huwauliza kwanza: una droni gani, unakwenda kuirusha wapi, na mteja anataka umkabidhi nini? Ukishajibu hayo, programu zinazobaki ni mbili au tatu, na hapo kuchagua hakukusumbui tena. Anayeanza na programu mara nyingi hulipia kitu ambacho droni yake haikitambui, au kinachofanya kazi vizuri sana kwenye uwanja wa mpira na kushindwa kabisa kwenye miteremko ya Kibosho.

Nianze na droni, maana ndiyo inayofunga milango mapema. Programu ya nje, yaani isiyotengenezwa na DJI, haiwezi kuendesha droni ya kampuni hiyo mpaka DJI yenyewe iwe imefungua njia kwa modeli hiyo. Phantom 4 Pro na Mavic 2 Pro zilifunguliwa zamani na programu nyingi zinazijua. Mavic 3 ya kawaida haikufunguliwa. Ina safari za pointi (droni inapita mahali ulipoweka alama) ndani ya DJI Fly, programu ya DJI yenyewe, basi, na hizo zinafaa zaidi kwa video kuliko kwa ramani. Mavic 3 Enterprise ni habari nyingine kabisa: inakuja na DJI Pilot 2 ndani ya rimoti yake, na programu hiyo inachora mistari ambayo droni inaifuata ikipiga picha za ramani, bila wewe kununua kitu kingine. Majina yanakaribiana, na wauzaji wa mitandaoni hawakuelezi tofauti. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, fungua ukurasa wa programu unaoorodhesha droni inazoziendesha na utafute modeli yako kwa jina kamili, pamoja na rimoti yake na aina ya simu au tableti uliyo nayo. Kwa mfano, DJI GS Pro ilitengenezwa kwa iPad tu. Mwenye simu ya Android hata asijisumbue.

Kuna jambo jingine la droni ambalo ningependa kila anayeanza alijue kabla hajaenda shambani. Droni kama Phantom 4 Pro hupokea mpango mzima wa safari, ikauhifadhi ndani yake, kisha ikaruka. Mawasiliano na rimoti yakikatika nyuma ya kilima, inaweza kuendelea na safari au kurudi, kutegemea ulivyopanga mwanzo. Droni ndogo kama Mini 2, na pia Air 2S, hazina uwezo huo kwa programu za nje. Simu yako ndiyo inayozielekeza sekunde hadi sekunde, kana kwamba kidole chako kiko kwenye vijiti vya rimoti. Simu ikizima, programu ikifunga, au mawasiliano yakikatika, safari imeishia hapo. Kwenye tambarare za mashamba ya miwa ya TPC huko kusini mwa Moshi hilo halikusumbui, kwa sababu unaiona droni mwanzo hadi mwisho. Kwenye korongo la Karanga au la Weruweru, droni inashuka nyuma ya ukingo na migomba inakuziba. Hapo ndipo utajua umechagua vizuri au vibaya.

Sasa tuje kwenye mteremko, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu masomo mengi ya mitandaoni yametengenezwa na watu wanaoruka juu ya ardhi tambarare.

Programu ikikuuliza kimo, mara nyingi inamaanisha kimo kutoka pale ulipoondokea, si kutoka ardhi iliyo chini ya droni wakati huo. Chukua shamba la kahawa na migomba lenye urefu wa mita 400 kutoka barabara ya chini hadi mpaka wa juu, na ardhi inapanda mita 60 kati ya ncha hizo. Mteremko wa namna hiyo huku kwetu ni wa kawaida. Umesimama barabarani na Phantom 4 Pro, umeweka kimo cha mita 80. Kwa kimo hicho picha moja inafunika ardhi mita 120 kwa 80. Umeomba picha zipandane asilimia 70 ubavuni na 80 mbele, kwa hiyo programu inaachanisha mistari kwa mita 36 na kupiga picha kila baada ya mita 16. Kwenye skrini kila kitu ni kijani.

Droni ikifika juu ya shamba, imebaki mita 20 tu kutoka ardhini. Picha yake sasa inafunika upana wa mita 30, lakini mistari bado imeachana mita 36. Kati ya mstari na mstari kuna ukanda wa mita 6 ambao haumo kwenye picha hata moja. Mbele nako, kupandana kumeshuka kutoka asilimia 80 hadi 20. Programu ya kuchakata, ile inayounganisha picha ziwe ramani moja, haiwezi kuunganisha picha hizo, na utarudi shambani kwa gharama yako. Hapo sijataja miti ya shambani kama migrevilea na misesewe, ambayo inafikia mita 20 bila shida. Droni inaweza kuuvaa mti huku simu yako ikiendelea kukuonyesha mita 80.

Ukiondokea juu badala ya chini, hatari ya miti inapungua, ila tatizo linahamia upande wa pili. Chini ya shamba droni inakuwa mita 140 kutoka ardhini, ardhi inayoonyeshwa na pikseli moja ya picha inakua kutoka sentimita 2.2 hadi karibu 3.8, na huenda umeshavuka kimo kilichoandikwa kwenye kibali chako.

Ndiyo maana kwa kazi za Kibosho, Machame, Marangu, na kule Arusha kuanzia Ngaramtoni kupanda Meru, kitu cha kwanza ninachotafuta kwenye programu ni uwezo wa kufuata umbo la ardhi. DJI Pilot 2 inao, DroneDeploy inao, UgCS inayokaa kwenye kompyuta imejengwa juu ya wazo hilo, na kwa droni zinazotumia mifumo huria ya ArduPilot au PX4 utaupata kwenye Mission Planner na QGroundControl bila kulipa shilingi. Litchi nayo hukuruhusu kuweka kila pointi kwa kimo kutoka ardhini ukipangia kwenye kompyuta, ingawa kwa kuchora gridi ya ramani si chaguo langu la kwanza. Mimi huitumia mteja anapotaka video inayopita njia ileile kila mwezi, kwa mfano kuonyesha jengo linavyopanda.

Lakini jiulize programu inalijuaje umbo la ardhi. Mara nyingi inategemea vipimo vya SRTM, vilivyochukuliwa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari 2000, na kila kipimo kinawakilisha eneo la mita 30 kwa 30 hivi. Kwa mgongo mpana wa mlima vinatosha. Kwa korongo jembamba vinalainisha kingo na kulijaza bonde, na mti uliopandwa mwaka 2005 havina habari nao. Kwa hiyo ongeza mita za tahadhari, na kabla ya kubonyeza kitufe cha kuondoka tembea hadi juu ya shamba ukaangalie mti mrefu kuliko yote. Mwenye shamba atakuonyesha, na atakuonyesha pia nyaya za umeme ambazo hazimo kwenye ramani yoyote. Ukiwa na Mavic 3 Enterprise kuna njia nzuri zaidi: ruka mara ya kwanza juu zaidi ya unavyohitaji, lakini ndani ya kibali chako, chakata upate sura ya ardhi pamoja na miti, kisha ipakie kwenye Pilot 2 na urudi kuruka chini kwa kuifuata.

Kama programu yako haina uwezo huo na huna hela ya nyingine, kazi bado inawezekana. Ligawe shamba vipande vinavyofuata kontua (mistari ya kimo kimoja), kila kimoja kisipande zaidi ya mita 20, na kila kipande ukiondokee kwenye mpaka wake wa chini. Kwa hesabu ileile ya mita 80, mahali pabaya kuliko pote droni itakuwa mita 60 kutoka ardhini na picha zitapandana asilimia 60 ubavuni. Ukianza na asilimia 80 badala ya 70, uko salama kabisa. Inachosha kubeba vifaa kupanda mlima, ila ramani inatoka.

Kimo cha kurudi nyumbani nacho kinahesabiwa kutoka ulipoondokea, hata kama safari yenyewe inafuata ardhi. Kipange kwa kuangalia sehemu ya juu kuliko zote kati yako na mahali droni itakapofika, pamoja na miti yake. Namba iliyokuja na kifaa usiiamini.

Juu ya migomba, usidanganywe na hamu ya kuruka chini ili picha ziwe kali. Majani ya mgomba yanafanana yote na yanacheza kwa upepo, hivyo programu ya kuchakata inakosa alama za kushika kati ya picha na picha. Panda juu zaidi, ongeza kupandana hadi asilimia 80 au 85 pande zote mbili, ruka upepo ukiwa umetulia. Programu isiyokuruhusu kubadilisha namba hizo mwenyewe haifai kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, hata kama muonekano wake unapendeza.

Kuhusu malipo nina machache. DroneDeploy na wenzake wanatoza kwa dola, kwa mwezi au mwaka, na wanakuchanganyia kupanga safari na kuchakata picha. Ukiwa na wateja wa kila mwezi inalipa. Kama bado unatafuta kazi ya kwanza, usifunge mkataba wa mwaka. Panga safari kwa programu ya bure au iliyokuja na droni, kisha chakata picha kwa programu ya WebODM kwenye laptop yako, ukiipa RAM ya kutosha. Na yoyote utakayochagua, ijaribu ukiwa umezima data. Pakua ramani ya eneo nyumbani, weka simu kwenye hali ya ndege, ufungue mpango. Zipo programu zinazokuonyesha skrini nyeupe. Ni heri uijue hiyo ukiwa sebuleni kuliko ukiwa kwenye korongo lisilo na mtandao, mteja amesimama pembeni.

Usichukulie rangi za ramani ndani ya programu kama ruhusa. Droni inasajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na kibali cha kuruka kinaombwa kabla. Msitu wa juu ni Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na droni haziruki humo bila idhini maalumu. Ukifanya kazi upande wa Kisongo kumbuka kwamba ndege ndogo za watalii zinaondoka uwanja wa Arusha asubuhi, saa zilezile ambazo wewe unazitaka kwa sababu upepo haujaanza na mawingu hayajashuka. Hapo panahitaji mawasiliano na uwanja mapema, si kuvizia. Upande wa Hai, kuzunguka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), ni hivyohivyo.

Jambo la mwisho ni faili zako. Mipaka ya shamba ichore kwenye Google Earth, uihifadhi kama KML (aina ya faili la ramani), kisha uiingize kwenye programu. Usiichore kwa kidole ndani ya programu yenyewe. Pilot 2 inaisoma KML, DroneDeploy inaisoma, QGroundControl inaisoma. Kando yake weka karatasi au faili ndogo yenye mahali ulipoondokea, kimo, kupandana, mwendo, saa na hali ya mawingu. Mteja wa kahawa atakuita tena msimu ujao akitaka kulinganisha, na huenda wakati huo una droni nyingine na programu nyingine. Ukiwa na KML na zile namba, utaiandaa safari ileile jioni moja, nyumbani, kabla hujapanda gari kwenda Kibosho.