Dirisha la kanisa limetoka tumbo: York walifanyaje?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mhariri. Dirisha la vioo vya rangi kanisani kwetu limetoka tumbo upande wa jua la mchana. Kamati inataka kulifunika kwa nje kwa kioo cha kawaida na kuziba pande zote, vumbi lisiingie. Tumesikia York, Uingereza, nao walifunika dirisha lao kubwa. Tuendelee? (Mzee wa kanisa, Moshi)

JIBU: Amina, mzee wetu. Kufunika sawa, kuziba hapana. Dirisha Kuu la Mashariki la York Minster, kanisa kuu la York, kazi ya fundi wa vioo John Thornton ya mwaka 1405 hadi 1408, lina paneli 311. Katika ukarabati uliokamilika mwaka 2018, kioo kipya cha kinga kiliwekwa kwa nje, na vioo vya kale vikarudishwa kwa ndani kidogo ili hewa ya kanisani ipite katikati. Hiyo hewa ndiyo kinga yenyewe. Mkiziba, jua litachemsha nafasi hiyo na risasi (ile metali laini inayoshika vipande vya kioo) itazidi kulegea. Usiku wa baridi matone ya unyevu yatakaa juu ya michoro na kuibandua. Acheni matundu chini na juu, yenye wavu wa wadudu.

Sasa hilo tumbo. Angalieni kwanza nyaya za shaba zinazofunga risasi kwenye nondo za mlalo. Zikikatika, uzito wote hukalia risasi ya chini. Vuteni uzi kutoka ukingo hadi ukingo, pimeni tumbo, andikeni tarehe, mrudie baada ya miezi michache. Lisipoongezeka, na kama hakuna kioo kilichopasuka, fundi afunge nyaya mpya tu.

Likiongezeka, paneli itolewe. Tafadhali msilisukume kwa mkono: kitakachopasuka ni kioo. Kabla ya kulifungua, wekeni karatasi nyembamba juu yake na kusugua kwa kalamu ya nta ili ramani ya risasi ibaki. Kisha paneli ilazwe kwenye ubao bapa, jua liipashe, uzito mdogo uiteremshe kwa siku kadhaa. Puti iwe ya unga wa chaki na mafuta ya kitani. Silikoni haifai, maana fundi wa kesho atashindwa kuitoa bila kuvunja.

Kusafisha ni kwa pamba na maji yaliyokenekwa (yale ya kuongezea betri, si tindikali), upande usio na michoro. Siki na sabuni za chooni msiziguse. Vumbi la risasi ni sumu: fundi avae glavu, asile hapo, sakafu ipigwe deki badala ya kufagiliwa, na watoto wa shule ya Jumapili wakae mbali hadi kazi iishe.