Kampuni za teknolojia zikipunguza watu, mbona pango halishuki?

Barua tano za wasomaji, tumezifupisha. Nne zimetoka Marekani, ya tano imetoka Nairobi.

Tangu mwishoni mwa 2022 tunasikia Amazon na Microsoft, waajiri wakubwa wa huku kwetu, zinaachisha watu kwa maelfu. Mimi ni dereva uwanja wa ndege, mke wangu anahudumia wazee. Tunaishi Kent, kusini mwa Seattle. Mbona pango letu halijashuka hata dola moja? — Baba wa watoto watatu, Kent, Washington

Ndugu yetu, zile nafasi za kazi 27,000 Amazon ilizofuta mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023 zilihesabiwa dunia nzima, si Seattle peke yake. Walioguswa wengi waliondoka na kiinua mgongo cha miezi kadhaa, wakatafuta kazi nyingine wakiwa wamekaa palepale. Wachache waliohama waliacha wazi fleti za South Lake Union na Belltown, mitaa ya katikati ya Seattle, si za Kent.

Msukumo wa kupanda na wa kushuka haufiki kwenu kwa kasi moja. Kampuni ikiajiri, mhandisi anamzidi nesi bei ya fleti Capitol Hill, mtaa wa karibu na katikati ya Seattle. Nesi anahamia Columbia City, wa Columbia City anakwenda Renton, wa Renton anakuja kwenu, na yote hayo yanaweza kutokea ndani ya mwaka mmoja. Kampuni ikipunguza watu, mwenye jengo jipya la katikati ya mji kwanza anatoa mwezi mmoja bure, kisha miwili, na bei anaigusa mwisho kabisa. Unafuu huo ukifika Kent huwa umechelewa na umepungua, au haufiki, kwa sababu kampuni zimeshaanza kuajiri tena au zimewaita watu warudi ofisini. Amazon iliwarudisha wa ofisini siku 5 kwa wiki kuanzia Januari 2025.

Seattle imewahi kuona anguko lenyewe hasa. Boeing, kampuni ya kutengeneza ndege, ilikuwa na wafanyakazi karibu 100,000 eneo hilo mwishoni mwa miaka ya 1960, na kufikia 1971 walikuwa wamebaki chini ya 40,000. Hapakuwa na mwajiri mwingine wa kuwachukua, familia zikaondoka na nyumba zikabaki tupu. Aprili mwaka huo madalali wawili wakaweka bango karibu na uwanja wa ndege wakimwomba mtu wa mwisho kuondoka Seattle azime taa. Pango la mji mzima hushuka namna hiyo pale watu wanapohama kabisa. Habari ya kupunguzwa kazi kwenye gazeti haitoshi.

Halafu kuna jambo la mpangaji aliyetulia. Bei ya soko hutangazwa kwa anayeingia. Wewe uliye ndani huletewa karatasi ya kuhuisha mkataba yenye ongezeko, na usipouliza hakuna atakayekuambia kwamba fleti ya jirani inatangazwa kwa dola 120 pungufu. Siku 60 hadi 90 kabla ya mkataba kwisha, fungua tovuti ya jengo lenu, tafuta fleti yenye vyumba sawa na yako, piga picha ya skrini yenye tarehe, kisha mwandikie meneja. Usimpigie simu, mwandikie. Hesabu iko upande wako: fleti ya dola 1,800 ikikaa tupu wiki 6 inampotezea mwenye nyumba kama 2,500, bado rangi na usafi. Akikupunguzia 100 kwa mwezi anapoteza 1,200 kwa mwaka mzima.

Jua na sheria. Tangu Mei 2025 jimbo la Washington limeweka kikomo: ndani ya miezi 12 ongezeko lisizidi asilimia 7 pamoja na mfumuko wa bei, au asilimia 10, ile iliyo ndogo. Hakuna kuongeza ndani ya mwaka wa kwanza wa upangaji, na notisi ni ya maandishi, siku 90. Jengo ambalo halijafikisha miaka 12 haliguswi na kikomo hiki, kwa hiyo uliza lilijengwa lini kabla hujaanza kubishana. Zile siku 180 za notisi unazosikia kwa rafiki zako ni za ndani ya mipaka ya jiji la Seattle. Kent haimo.

Nimepata ofa Austin: fleti ya dola 2,000 kwa mwezi, mkataba wa miezi 12, miezi miwili bure. Jengo la jirani wanataka 1,750 bila ofa yoyote. Dalali ananiambia nichukue ya kwanza. — Dada anayehama kutoka Houston

Dada, chukua kalamu. Miezi 12 kwa 2,000 ni 24,000. Toa 4,000, zinabaki 20,000, ukigawa kwa 12 unapata kama 1,667. Dalali ameishia hapo. Sasa omba orodha ya malipo ya lazima ya kila mwezi kwa majengo yote mawili. Tuseme la kwanza wanadai 35 za takataka zinazochukuliwa mlangoni, 10 za dawa ya wadudu na 75 za maegesho. Jumla 120, na fleti imekuwa 1,787. La pili tuseme wana 30 tu: 1,780. Mwaka wa kwanza ni sare.

Tofauti inakuja mwaka wa pili. Kwenye la kwanza mazungumzo ya mkataba mpya yanaanzia 2,000, kwenye la pili yanaanzia 1,750. Texas haina kikomo cha jimbo cha kuongeza pango, kwa hiyo namba ya kuanzia ndiyo kila kitu. Kama hesabu ni hiyo, sisi tungechukua la pili bila kusita.

Ukibaki na la kwanza, soma kiambatisho cha ofa. Mara nyingi kimeandikwa kwamba ukivunja mkataba kabla ya muda unarudisha thamani yote ya miezi ya bure, juu ya adhabu nyingine. Uliza pia kama punguzo linakatwa mwanzoni au linasambazwa kila mwezi. La mwanzoni ni tamu, lakini wengi huzoea kutolipa miezi miwili kisha wa tatu unawakuta hawana kitu. Omba mkataba unaoisha Desemba hadi Februari hata kama ni wa miezi 14. Majira hayo wanaohama ni wachache, na meneja mwenye fleti tupu anasikiliza.

Pengine unajiuliza kwa nini asishushe bei moja kwa moja. Jengo la kupangisha huthaminiwa kwa mapato yake. Chukua jengo la fleti 300: kushusha 100 kila moja ni 360,000 kwa mwaka. Mnunuzi anayetaka faida ya asilimia 5 ataliona limepungua thamani kwa dola milioni 7.2, na benki iliyokopesha italiona vivyo hivyo. Mwezi wa bure ni gharama ya msimu, bei iliyoandikwa inabaki juu kwenye vitabu.

Ofa hizi ni mavuno ya ujenzi. Oracle ilitangaza kuhamishia makao yake Austin Desemba 2020, Tesla ikatangaza Oktoba 2021 na kufungua kiwanda chake Aprili 2022. Mikopo ilikuwa rahisi, wajenzi wakaanza majengo kwa mpigo. Jengo kubwa huchukua miaka miwili hivi, kwa hiyo fleti zilifunguliwa 2023 na 2024, wakati riba imepanda na kasi ya kuajiri imepoa. Pango likashuka karibu asilimia 20 kutoka kilele chake, na mji haukupungua watu. Lakini fleti zikiwa nyingi wajenzi huacha kuanza mpya, na upungufu wake huonekana miaka miwili au mitatu baadaye. Usitegemee ofa hii iwepo kila utakapohama.

Nimepanga San Francisco miaka mingi. Nangoja hii homa ya akili mnemba ipasuke kama ile ya kampuni za mtandao (dot-com) ya mwaka 2000 ili ninunue nyumba. Nitapata kwa bei gani? — Msomaji, mtaa wa Excelsior

Unangoja kitu kisicho sahihi. Soko la hisa la Nasdaq, lenye kampuni nyingi za teknolojia, lilianguka takribani asilimia 78 kati ya Machi 2000 na Oktoba 2002. Pango la San Francisco lilianguka kwa kishindo, maana vijana wenye mkoba mmoja walirudi makwao. Bei za kununua zilitikisika kidogo tu. Benki Kuu ya Marekani ilishusha riba yake kutoka asilimia 6.5 mwanzoni mwa 2001 hadi 1.75 Desemba mwaka huohuo, mikopo ikawa nafuu, na wenye nyumba waliobaki na kazi hawakuwa na sababu ya kuuza kwa hasara. Anguko la 2008 liliumiza bei kwa sababu ugonjwa ulikuwa ndani ya mikopo ya nyumba yenyewe. Mwaka 2020, watu walipofanyia kazi mbali, pango lilishuka kama robo. Wenye kungoja bei ya nyumba nayo ishuke robo waliambulia patupu.

Ongeza na sheria ya kodi ya majengo ya California ya 1978: thamani inayotozwa haipandi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Aliyenunua miaka mingi iliyopita mara nyingi huona uzito kuuza, kwa sababu akinunua nyingine huenda akaanza kodi upya. Na mji wenyewe ni kilomita za mraba 121 hivi, maji pande tatu.

Tazama riba. Mkopo wa dola 600,000 wa miaka 30 kwa asilimia 3 unalipwa kama 2,530 kwa mwezi. Kwa asilimia 7 ni kama 3,990. Ili malipo yabaki yaleyale kwa riba ya juu, mkopo ungebidi upungue zaidi ya theluthi moja. Riba hizo si za kufikirika: wastani ulikuwa 2.65 Januari 2021 na 7.79 Oktoba 2023.

Kubwa kwako ni hili. Kama jengo lenu lilipata kibali cha kukaliwa kabla ya Juni 13, 1979, huenda una ulinzi wa pango: ongezeko la mwaka ni asilimia 60 ya mfumuko wa bei, na kamwe si zaidi ya asilimia 7. Ukitoka, mwenye nyumba anapangisha kwa bei ya soko. Ndiyo maana homa ikipanda hutaletewa ongezeko kubwa, utaletewa bahasha ya kukulipa uondoke. Usitie saini siku hiyo. Na kama umeshatia, jiji linakupa siku 45 za kubatilisha. Kabla ya kukubali, chukua pango unaloweza kupata kwingine, toa unalolipa sasa, zidisha kwa miezi unayotarajia kukaa. Bahasha ya 40,000 inaonekana nene, lakini tofauti ya 1,500 kwa mwezi inaimaliza kwa miezi 27.

Nafanya kazi kampuni kubwa Bellevue, jirani na Seattle, kwa viza ya H-1B, ile ya kazi inayotegemea mwajiri. Nusu ya mapato yangu ni hisa ninazopewa na kampuni. Benki inakubali kunikopesha. Ninunue? — Mhandisi, Bellevue

Piga hesabu kwa mshahara wa msingi peke yake. Kama hautoshi, nyumba hiyo ni kubwa kwako, hata benki ikikubali. Hisa, kazi na bei ya nyumba za mtaa wako vyote vinategemea waajiri walewale, na wakitetereka vinashuka kwa pamoja.

Hisa zikiingia mkononi, kampuni kwa kawaida hukata asilimia 22 ya kodi ya serikali kuu, ilhali wewe huenda uko kwenye ngazi ya 32 au 35. Kwenye hisa za 100,000 unaweza kudaiwa 10,000 au zaidi Aprili, wakati wa kufunga hesabu za kodi. Weka pembeni pesa hiyo siku hisa zinapoingia.

Kuhusu viza: ukipoteza kazi una hadi siku 60 kupata mwajiri mwingine, kubadili hadhi au kuondoka. Kuuza nyumba, kuanzia tangazo hadi kukabidhi funguo, mara nyingi huchukua zaidi ya hapo, na gharama za mauzo zinakula asilimia kadhaa ya bei. Uwe na akiba ya malipo ya miezi 9, na muulize wakala mapema nyumba hiyo ingepangishwa kwa kiasi gani. Kama pango lingefunika chini ya robo tatu ya malipo yako, endelea kupanga.

Kuna mtu anauza ploti karibu na Konza, ule mji wa teknolojia unaojengwa na serikali ya Kenya, anasema bei itapaa. — Msomaji, Nairobi

Serikali ilinunua ekari 5,000 pale mwaka 2009 na kuzindua ujenzi Januari 2013. Bei za viwanja jirani zilipanda kwa tangazo, kabla ya ajira kufika. Uliza ploti iko umbali gani: kuna ukanda wa kilomita 10 kuzunguka mji huo ambako matumizi ya ardhi yanadhibitiwa. Cheti cha shea cha kampuni ya kununua mashamba si hati miliki. Fanya msako wa hati kwa msajili wa ardhi wewe mwenyewe. Na kama ni ardhi ya kilimo, ombi la idhini lifike bodi ya udhibiti wa ardhi ndani ya miezi 6 tangu makubaliano, la sivyo mauzo ni batili.