Unakwenda kiwandani bara? Chukua daftari

Juzi binti wa jirani hapa Wete kaniuliza, dada nimepata kazi kiwanda cha nguo Dar, nichukue nini? Nikamwambia daftari na kalamu, akacheka akafikiri namtania.

Mie nlikaa huko miaka miwili, laini ya kola, shifti ya usiku. Mwezi wa pili tu mshahara ukaja pungufu, ovataimu za siku nne hazimo, nikaenda kuuliza naambiwa hukuwepo. Wallahi nlikuwepo! Lakini ntaonesha nini? Basi toka siku hiyo kila nikitoka naandika tarehe, saa nloingia, saa nlotoka, na namba ya mashine. Mwezi wa tano wakanikata tena, nikamfungulia supavaiza daftari, akapekua akanyamaza, keshoye pesa ikaja.

Hilo la namba ya mashine nlilipata kwenye simu, usiku nasoma habari za wasichana wa Uingereza wakati wa vita vya pili. Desemba 1941 ilipitishwa sheria, wasioolewa wa miaka 20 mpaka 30 waitwe jeshini au viwandani, wengine wakapelekwa mbali na kwao wakakaa mabwenini kama sie. Wale wa viwanda vya mabomu wakiingia wanapekuliwa, pete, vibanio vya nywele, kiberiti, vyote vibaki nje maana cheche moja tu kwisha habari. Na mshahara chini ya wanaume, mashine ile ile! Sasa 1943 wa kiwanda cha Rolls-Royce pale Hillington, karibu na Glasgow, wakagoma, na wanaume wengi wakagoma nao, mwisho wakakubaliana kila mashine iandikwe kwa jina lake na malipo yake, aiendeshe nani aiendeshe. Nikasema haa, kumbe.

Jengine ushungi, uchomekee ndani ya shati. Wangu ulivutwa na mkanda wa mashine, bahati pini ilikatika.

Na nyumbani waambie mapema utatuma ngapi, maana kila harusi ya ukoo utapigiwa wewe (mie nshachangia harusi ya mtu hata simjui).

Binti anaondoka na boti Jumamosi, mama yake kamfungia mikate ya kumimina na samaki wa kukaanga ungesema anakwenda hija. Nimempa daftari langu lenyewe, nyuma bado jeupe. Kurasa za mwezi wa tano nimezichana, hizo nabaki nazo mie.