Re: Wakala wa AI anaona bidhaa lakini bei hazibadiliki
Habari ndugu. Nimeelewa hivi: wakala wako wa AI (programu ya akili bandia inayokufanyia kazi) anasoma bidhaa zote za duka lako la mtandaoni, lakini ukimwambia abadilishe bei, seva inayomuunganisha na duka inarudisha kosa namba 403.

Usihangaike na anwani ya seva, maana bidhaa zinasomeka. Kama ufunguo wa API (msimbo wa siri unaomruhusu wakala kuingia dukani) usingetambuliwa, ungeona kosa 401. 403 maana yake ufunguo umetambuliwa ila hauruhusiwi kufanya kitendo hicho. Angalia kwanza ruhusa za ufunguo huo, huenda ni za kusoma tu. Mimi nilitengeneza ufunguo mpya wenye ruhusa ya kuandika, kisha nikafungua mazungumzo upya ili wakala asome tena orodha ya zana, yaani vitendo anavyoweza kufanya dukani.

Tafadhali usimpe wakala ruhusa ya kufuta, na kila bei mpya uiidhinishe mwenyewe. Dukani kwetu Luthuli, Nairobi, chaja ya shilingi 1,500 iliandikwa 150, na wateja wawili walishalipa kwa M-Pesa kabla sijashtuka.